Darasa la lishe kwa akina baba kwenye zahanati ya kijiji chetu, Njombe: Jumamosi sita nilizohudhuria

Naandika kwa ajili ya mwanaume aliyepokea ujumbe wa mwenyekiti wa kitongoji: Jumamosi kuna darasa la lishe zahanati, akina baba waje na watoto. Anajiuliza aende huko au akapakie viazi. Mimi siku hiyo nilikuwa na magunia 42 yanasubiri lori. Nikamwachia mdogo wangu kazi ya kupakia, nikaenda, na nikarudi tena Jumamosi tano zilizofuata. Nenda.

Huduma yenyewe ni bure. Inaendeshwa na muuguzi wa zahanati pamoja na mhudumu wa afya wa kitongoji, na mara mbili alikuja afisa lishe kutoka halmashauri. Ni Jumamosi sita, saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Mtoto awe kati ya miezi sita na miaka miwili, na anayemleta awe baba yake, au babu au mjomba anayeishi naye. Akina mama wanakaribishwa siku ya tatu na siku ya sita tu. Sharti hilo liliwaudhi wanawake kadhaa, mke wangu akiwa mmoja wao, na mimi pia mwanzoni sikulielewa. Nilikuja kulielewa siku ya tatu walipokuja: ndani ya nusu saa watoto wote walikuwa mikononi mwa mama zao, na sisi wanaume tulikuwa nje tunaongelea bei ya mbolea.

Niseme nilikotoka ili mtu ajue napima kwa kipimo gani. Huyu ni mtoto wangu wa tatu. Kwa yule wa kwanza nilimsindikiza mke wangu kliniki, kwenye kituo kingine si hiki, nikaambiwa wanaume wasubiri nje ya geti. Nikasubiri. Mara ya pili sikusindikiza tena, na kwa mtoto wa pili sikukanyaga kabisa. Miaka ikapita nikiamini kwamba kadi ya kliniki ni karatasi ya mama. Huyu wa tatu alipofikisha miezi tisa, mke wangu alinifunulia kadi mezani. Mwezi ule kilo 6.9, mwezi uliotangulia kilo 6.9. Nikamjibu kwamba ukoo wetu ni watu wembamba. Jibu hilo nalijutia mpaka leo.

Njombe hatuna njaa. Anayepita barabara ya Makambako anaona mahindi, viazi, njegere, miparachichi imejipanga mlimani, ng'ombe wa maziwa. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliwakuta nusu ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa nchi nzima ilikuwa watoto 30 katika kila 100. Iringa jirani zetu walikuwa karibu 57, Rukwa kama sisi. Mikoa inayolisha wengine ndiyo yenye watoto wafupi kuliko umri wao. Takwimu hizi nilizisikia redioni mara nyingi, nikawa naona zinamhusu mtu mwingine, pengine mlevi au mvivu. Muuguzi alizisoma siku ya kwanza, akaziweka pembeni, akasema, "Sasa tuwapime wa kwenu."

Hapo ndipo darasa liliponishika. Walitutaka sisi wenyewe tuwashike watoto. Mzani wa kuning'iniza ulifungwa kwenye boriti ya baraza, unamvalisha mtoto ile kaptula ya kitambaa, unamwachia, unasoma namba kwa sauti. Halafu utepe wa mkono. Huu kila baba anatakiwa auone kwa macho yake. Ni kipande chembamba chenye rangi tatu, unakizungusha katikati ya mkono wa kushoto, kati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea. Kijani ni kuanzia sentimita 12.5. Njano ni chini ya hapo. Ikishuka chini ya 11.5 ni nyekundu, na huyo hasubiri darasa, anatibiwa siku hiyohiyo. Muuguzi alinielekeza nikavuta taratibu mpaka utepe ukagusa ngozi bila kuibana. Mshale ukasimama kwenye njano, 12.1. Nilikuwa nimeushika mkono ule kila siku. Sikuwahi kujua kwamba vidole vyangu viwili vinauzunguka na kukutana.

Kisha ubao wa kupimia urefu, mtoto amelazwa, mimi nimeshika kichwa, mhudumu ameshika magoti. Sentimita 66.4. Muuguzi akafungua jedwali, akapitisha kidole kwenye mstari wa miezi tisa, wavulana, akanionyesha pale mwanangu alipo na pale anapotakiwa awe. Hakunigombeza. Aliniambia, "Baba, uzito unaweza kurudi ndani ya wiki chache. Urefu unarudi polepole, na ukichelewa sana haurudi wote. Ndiyo maana tunakuhitaji sasa hivi." Alieleza siku 1,000, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Nikapiga hesabu kichwani: miezi tisa ya mimba na miezi tisa aliyokwisha kuishi. Zaidi ya nusu ya siku zile zilikuwa zimepita nikiwa nje ya geti.

Jumamosi ya pili ndiyo bora kuliko zote, na hakukuwa na chungu wala sufuria. Mhudumu alichora mistari miwili ardhini kwa kijiti. Upande huu ni vinavyotoka nyumbani kwenda sokoni, upande huu ni vinavyobaki. Kila baba akataja vya kwake. Mimi: viazi vinatoka. Maziwa, lita saba kwa siku, yote yanatoka. Mayai yanakusanywa mpaka trei ijae, yanatoka. Parachichi zinatoka, isipokuwa zile ndogo ambazo mnunuzi anazikataa. Hizo ninawapa nguruwe. Mhudumu akauliza, "Na kwa mtoto kinabaki nini?" Nikasema mahindi. Akauliza na nini. Nikanyamaza.

Nimesikia mahubiri mengi ya lishe, na karibu yote yanamwambia mama apike nini. Mama hawezi kupika kilichokwishapanda lori. Nyumbani kwangu anayeamua nini kiuzwe na nini kibaki ni mimi, mke wangu haniingilii, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba uamuzi huo ndio chakula cha mtoto. Afisa lishe aliongeza jambo moja lililonikaa. Serikali imezitaka halmashauri zitenge angalau shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa kazi za lishe. Huku kwetu yai moja ni shilingi 400. Kwa hiyo fungu lote la mwanangu ni mayai mawili na chenji, kwa mwaka. Kilichobaki kipo kwenye mfuko wa suruali yangu na kwenye zizi langu.

Siku hiyohiyo likaibuka suala la firigisi. Kila Mtanzania anajua firigisi ni ya nani. Kuku akichinjwa, mwenye nyumba anawekewa firigisi na ini kwenye kisahani chake, watoto wanapewa shingo na miguu, wachanga wanapewa mchuzi. Muuguzi alieleza kwamba mtoto akishafika miezi sita, madini chuma aliyozaliwa nayo yanakuwa yamepungua sana na maziwa ya mama peke yake hayatoshi kuyarudisha, na kwamba ini na firigisi ni miongoni mwa vyakula vyenye madini hayo kwa wingi. Mchuzi una ladha tu, nyama ndiyo imebaki kwa baba. Mzee mmoja aliyekuja na mjukuu wake akapinga, akasema firigisi ni heshima, si chakula. Mabishano yakawa makali. Hayakuisha kwa mtu kushindwa. Mzee mwenyewe ndiye aliyesema mwishoni kwamba basi iendelee kuletwa mbele yake, na yeye ndiye amkatie mjukuu. Nyumbani kwangu sasa tunafanya hivyo. Kisahani kinakuja kwangu, naikata vipande vidogo kama punje za mchele, naponda kwa mgongo wa kijiko, nachanganya na kiazi, mtoto anakula kutoka mkononi mwangu.

Mapishi yalikuwa Jumamosi ya tatu na ya nne, kwenye jiko la kuni nyuma ya zahanati. Sitaeleza yote, ila uji lazima nieleze. Nyumbani tulikuwa tunampa uji wa kunywa, mwembamba, kwenye kikombe, nao tukauona unamshibisha. Muuguzi alijaza kikombe kimoja uji wa namna hiyo na kingine uji mzito, akatuuliza ndani ya kila kimoja kuna unga kiasi gani. Tumbo la mtoto ni dogo. Ukilijaza maji limejaa. Uji unaofaa ukiinamisha kijiko unadondoka taratibu kwa vipande, hautiririki. Tukaukoroga wenyewe: unga wa mahindi, maziwa yaliyochemshwa, kijiko cha karanga zilizopondwa asubuhi hiyohiyo, na dagaa wa Nyasa waliokaangwa bila mafuta, wakatolewa vichwa, wakatwangwa na kuchekechwa mpaka wakawa vumbi. Ukishaepua unaponda nusu parachichi humo ndani. Ile ndogo aliyoikataa mnunuzi. Nilipoiweka kwenye bakuli la mwanangu nilikumbuka zizi la nguruwe, nikashindwa kumtazama muuguzi usoni.

Kuhusu unga wa lishe, hapa nimepata faida ya pesa kabisa. Kuna duka mjini liliniuzia unga wenye nafaka na mbegu 12 kwa mkupuo, bei mara nne ya sembe, nikaamini nimemaliza kazi ya baba. Afisa lishe alituambia mahindi, ulezi, mtama na uwele ukivichanganya vyote bado ni kundi moja, umenunua nafaka tu. Soya inahitaji kuiva sana, uji wa dakika kumi hauivishi. Karanga zikisagwa na kukaa kwenye mfuko zinaharibika upesi na kuota ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 waliokula mahindi yenye ukungu. Tangu siku hiyo nachambua mahindi ya mtoto kwa mkono kabla ya kwenda mashineni, punje yenye rangi ya kijani au nyeusi inatoka. Kazi hiyo naifanya jioni nikisikiliza taarifa ya habari.

Kulisha nako kumbe ni kazi ya kufundishwa. Mwanangu alikuwa anafunga mdomo kijiko cha tatu, na mimi dawa yangu ilikuwa kumshika mashavu. Muuguzi alinizuia mkono. Akamkalisha kwenye goti langu ananitazama, akanipa bakuli la mtoto mwenyewe, lake peke yake, ili nione amekula kiasi gani, akasema ongea naye, subiri, usimkimbize. Nikaongea naye, nikamweleza habari za lori na viazi. Alitumia dakika 25 kula nusu kikombe. Dakika 25 ni nyingi kwa mtu mwenye shamba. Lakini alimaliza, na mwishoni alikuwa anakifuata kijiko kwa mdomo wazi kama kinda. Umri ule anatakiwa ale hivyo mara tatu hadi nne kwa siku, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili, kwa hiyo nimechukua mlo wa asubuhi kabla sijatoka. Mama yangu mzazi aliponikuta jikoni mara ya kwanza aliuliza nimelishwa limbwata gani. Sikumjibu vibaya, nilimwamkia na kumpa kiti.

Sasa kasoro, na ya kwanza inamhusu mama yangu huyo. Sisi tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda shamba, kipindi cha kupanda hata mke wangu anatoka na mimi. Mchana kutwa mtoto yuko na bibi yake. Anayemlisha mlo wa saa nne na wa saa saba ni bibi. Darasa limemkumbuka mama, limemleta baba, babu wanaruhusiwa, bibi hatajwi popote. Nilisema siku ya mwisho, wakaandika daftarini. Naomba walifanyie kazi, maana Jumatatu ya kwanza baada ya darasa nilimkuta mwanangu anapewa uji uleule wa kikombe, na haikuwa kosa la mama yangu, hakuna aliyemweleza. Ilibidi nimfundishe mimi, na mtoto kumfundisha mzazi wake kulea kunahitaji ulimi laini na siku nyingi.

Kasoro ya pili ni muda. Saa tatu iliyoandikwa ilikuwa saa tano siku mbili, kwa sababu tulikuwa tunamsubiri kiongozi aje kufungua. Alipofika aliongea saa nzima kuhusu maendeleo, watoto wakalala, kuni zikaisha. Wanaume wawili waliondoka hawakurudi. Na kweli lazima isemwe: siku ya kwanza tulikuwa 23, wengi wakidhani kuna posho. Siku ya sita tulibaki 11. Mimi nadhani wangebaki zaidi kama darasa lingekuwa Jumapili mchana baada ya ibada, maana Jumamosi ndiyo siku ya lori. Baba anayepoteza mnunuzi kwa ajili ya darasa amepoteza mayai ya mwezi.

Na zile picha ukutani zibadilishwe. Zina samaki mkubwa mzima na machungwa. Hapa kwetu kuna dagaa, maharage, njegere, majani ya maboga, parachichi. Mtu akiona machungwa anafikiri lishe ni kitu cha kusafiri kukinunua.

Jumamosi ya tano sikuitarajia, ikawa ya mikono. Tulijenga kibuyu chirizi cha kunawia mikono kila mmoja wake, miti miwili yenye panda, dumu dogo, kamba, na kijiti cha kukanyagia, kikawekwa kati ya choo na jiko. Muuguzi alieleza kwamba mtoto anayeharisha kila mara hata ukimpa ini la ng'ombe zima halimfai, linapita tu. Wengine walimwona amepotea njia, wakasema tumekuja kwa ajili ya chakula. Mimi namuunga mkono. Mwanangu aliharisha mara tatu kabla ya darasa. Baada ya darasa ameharisha mara moja, siku mbili.

Ya sita walikuja wake zetu. Kila baba alipika mbele ya mkewe, kisha mke akaulizwa mbele ya watu kama nyumbani ndivyo ilivyo au ni maonyesho. Mke wangu alisema, "Asubuhi analisha. Kuhusu mayai bado tunasubiri." Aliongea kweli. Nilikuwa nimeahidi yai kila siku na nilikuwa nimeuza trei juzi yake. Nililipa ahadi hiyo kuanzia siku ile kwa kumpa yeye ufunguo wa banda la kuku. Akichukua ya nyumbani ndipo mimi nahesabu ya kuuza. Maziwa pia, kikombe cha mtoto kinatolewa kwenye ndoo kabla ndoo haijafungwa kwenye pikipiki.

Miezi minne sasa. Mtoto ana miezi 13. Kilo 8.2. Mkono sentimita 13.0, kijani. Urefu 70.5, bado yuko chini ya mstari, na muuguzi ameniambia wazi kwamba tutaendelea kumpima kila mwezi na hataniahidi kitu. Nampeleka mimi mwenyewe, na kwenye zahanati hii hakuna anayenisimamisha getini. Mke wangu ana ujauzito mwingine, wa miezi mitatu. Vidonge vyake vya madini chuma viko juu ya kabati kando ya saa, tunakumbushana usiku, na ndoo ya maji kutoka mtoni naibeba mimi.

Kwa uendeshaji, ule ucheleweshaji na hotuba, naona wako chini ya wastani. Kwa muuguzi na mhudumu wetu sina cha kuwapunguzia. Kwa ile Jumamosi ya mistari miwili ardhini, ningetembea kwa miguu kutoka Makambako kuja kuisikiliza tena.

Darasa linalofuata linaanza baada ya viazi kutoka shambani. Unajiandikisha kwa mhudumu wa kitongoji, si kwa mwenyekiti, orodha ya mwenyekiti hupotea. Mtoto aende na kadi yake ya kliniki, bakuli lake na sweta, kwenye baraza lile asubuhi kuna baridi na kaptula ya mzani inavaliwa bila nguo nzito. Siku ya tano nenda na panga la kukatia miti na dumu tupu la lita tano. Ukiwa na mama yako nyumbani, nenda naye hata kama hajaalikwa. Nimeongea na muuguzi, amesema atampa kiti.